Vilivyokuja Ndani ya Kofia

Kazi yangu ni kufunga mashada ya maua. Tunafanyia kwenye kibanda cha mabati, mimi na mama mmoja mwenye biashara, ng'ambo ya barabara kutoka mochari hapa Nyeri. Yeye huongea na wateja, mimi hufunga. Kazi hii inanifaa, kwa sababu mtu aliyekuja kununua shada hana hamu ya mazungumzo, na mimi sijui kuongea na watu nisiowazoea. Kila asubuhi tunaletewa mzigo wa matawi ya saipresi yaliyokatwa kwenye nyua za watu, na hadi jioni vidole vyangu vinanuka utomvu wake. Wenzangu wa rika langu wakipita huvuta pumzi na kusema, "Hii sasa ni Krismasi kabisa." Nami huitikia. Kwangu pia ni Krismasi, lakini ni moja tu, ile tuliyoifanya kabla ya wakati wake.

Tulikaa Nanyuki, kwenye laini ya polisi, zile nyumba za askari. Baba alikuwa koplo, Mluhya wa upande wa Bungoma. Mama ni Mgikuyu wa Mukurweini. Hakuna aliyeijua vizuri lugha ya mwenzake, kwa hivyo nyumbani tuliongea Kiswahili, kila mtu na chake. Cha Mama kilikuwa na "ati" nyingi. Cha Baba kilikuwa cha polepole, kama mtu anayeandika taarifa kituoni. Nyumba ilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati, na mtoto nilikuwa mimi peke yangu.

Polisi hana Krismasi. Siku ambayo watu wanapika chapati, yeye amesimama barabarani au analinda mlango wa kanisa la watu wengine. Sikumbuki hata Krismasi moja ambayo Baba alikula nasi chakula cha mchana. Lakini alirudi jioni, na hakurudi mikono mitupu. Alipitia kwa Mzee Idi, mfanyabiashara wa mifugo, ambaye ni Mwislamu na kwa hivyo siku hiyo alikuwa amefungua wakati wengine wote wamefunga. Wazungu wazee wa kwenye ranchi wakifa, au wakirudi kwao, vitu vya nyumba zao huuzwa. Mzee Idi alikuwa akienda kununua ng'ombe, anarudi na ng'ombe na makatoni ya vyombo pia. Alivitandaza juu ya gunia karibu na soko la mifugo: vijiko, saa zisizotembea, picha za mbwa. Na katikati ya hivyo vyote, mapambo ya Krismasi ya zamani sana, ya watu ambao watoto wao walikuwa wameshazeeka.

Baba alinunua kimoja tu kila mwaka. Alikibeba ndani ya kofia yake ya kazi ili kisivunjike. Akifika mlangoni alikuwa ameivua tayari, ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya uji wa moto.

"Afande," ananiambia, "ripoti."

Mimi nasimama wima. "Afande, Mama amepika. Kuku amekufa. Mtoto hajalia."

"Kuna kosa lolote?"

"Hakuna, afande."

"Basi kagua kofia."

Hapo ndipo niliruhusiwa kutazama ndani. Mwaka mmoja alikuwa ndege wa kioo, mwembamba kama ganda la yai, mwenye mkia wa nyuzi nyeupe, za kioo pia, zilizomchoma Mama kidole. Kulikuwa na kengele ya karatasi nyekundu, bapa kama kitabu, ambayo ukiifungua inakuwa na vyumba vyumba kama sega la nyuki. Kulikuwa na malaika wa bati aliyepoteza bawa moja. Mwaka mwingine zilikuja kadi zilizofungwa kwa utepe, zenye majina ya watu waliowapenda watu tusiowajua.

"Ati mtu anatumwa sukari anarudi na ndege," Mama alikuwa akisema. "Sasa huyu tutamkaanga?"

"Huyu hali kitu, Mama Nafula. Ungekuwa kama yeye ningekuwa nimejenga."

"Aa, wewe. Toa viatu, nimepiga deki."

Vitu hivyo vilikaa mwaka mzima ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda, kila kimoja kimefungwa kwa gazeti. Desemba ikifika Mama alikata tawi la saipresi kwenye ua wa laini, akalisimamisha kwenye mkebe wa mawe, na tukaanza. Tulitia pamba kwenye majani iwe theluji. Tulisokota karatasi ya choo kutoka kona hadi kona. Kadi za wale wageni tulizibana kwenye kamba kwa vibanio vya nguo. Asubuhi mlango ukiwa wazi ulikuwa unauona mlima na theluji yake, na Baba alisema, "Mlima umetutangulia. Huo umeshawekewa pamba."

Nilielewa mambo kwa njia yangu. Niliamini zamu ni mahali, kama soko, na kwamba huko ndiko vitu vizuri vinakotoka. Niliwahurumia watoto wa walimu, ambao baba zao walikuwa nyumbani Krismasi nzima wamevaa sweta. Sikujua kwamba kila kitu katika lile sanduku kilikuwa siku moja ambayo Baba alitukosa, na kwamba alikuwa anatuomba msamaha.

Kisha Baba akaanza kushindwa kumeza. Kwanza ilikuwa ugali, halafu mkate, halafu Mama akaanza kuchuja uji kwa kitambaa. Mshipi wake ulitobolewa matundu mapya kwa msumari. Alipelekwa hospitali Nyeri, akarudi, akapelekwa tena, akarudi. Hakuvaa tena nguo za kazi. Alikuwa nyumbani nikienda shule na alikuwa nyumbani nikirudi, na mimi nilifurahi, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuwa naye kiasi hicho.

Siku waliyorudi kutoka hospitali mara ya mwisho, Mama alikaa nje kwenye ndoo iliyopinduliwa, pamoja na Mama Kioko wa nyumba ya pili. Mama Kioko ni Mkamba, mkubwa kwa Mama, na mumewe alikuwa konstebo aliyefanya kazi na Baba. Nilikuwa naruka kamba karibu nao. Mama alisema, "Wameniambia Desemba ni mbali." Mama Kioko akasema, "Basi usingoje Desemba."

Kesho yake Mama alichukua panga akaenda kwenye ua.

"Mama, ni Krismasi?"

"Ndiyo."

"Lakini hata hatujafanya mtihani."

"Desemba baba yako atakuwa zamu."

"Si huwa zamu kila Desemba?"

Mama alisimama na lile tawi begani. Utomvu ulikuwa unamtiririka mkononi. "Hii ni zamu ndefu," akasema. "Ni mbali. Kwa hivyo tunakula Krismasi sasa, akiwa hapa."

Niliona ni jambo la akili sana.

Tulisogeza kitanda mbele ya pazia ili Baba aone. Alikaa ameegemea mito na kutuamuru kwa kidole. "Ndege aende juu. Malaika mweke kando, asimwonee wivu mwenzake mwenye mabawa mawili." Na siku hiyo alisema mambo ambayo hakuwahi kuyasema. Ndege alimnunua mwaka aliolinda benki, na mlinzi wa benki alikuwa amelewa, kwa hivyo alimlinda na yeye pia. Kengele ilikuwa ya mwaka mvua ilimnyeshea njia panda tangu alfajiri. Malaika alikuwa wa mwaka walipotoa watu kwenye gari lililoanguka mtoni, na baada ya hapo alienda moja kwa moja kwa Mzee Idi, hakuchagua, alichukua kilichokuwa karibu na mkono. Mama alikuwa anafunga uzi. Aliacha kufunga. "Hukuniambia," akasema.

"Ilikuwa Krismasi," Baba akasema.

Mama alichinja jogoo. Baba hakuweza kumla, lakini alitaka mchuzi. Mama alimnywesha kwa kijiko, naye akaushikilia mdomoni muda mrefu. "Kuku wako ni mtamu, Mama Nafula." Halafu akageukia ukuta na kuutema ndani ya beseni, polepole, ili mimi nisione. Niliona. Nilidhani ni adabu fulani ya watu wazima.

Nikamuuliza, "Baba, kwenye hiyo zamu ndefu utaniletea nini?"

Mama aliinuka akatoka nje na kijiko mkononi.

Baba alinitazama. "Unataka nini, afande?"

"Nyota. Ya pale juu. Hatuna."

"Nyota ni kazi," akasema. "Nitaangalia."

Kesho yake niliwaringia watoto kwenye mfereji. Kioko, mtoto wa Mama Kioko, alikuwa darasa moja nami, na mdomo wake haukuwa na mlango. "Hata Mashujaa ya Oktoba bado, wewe umeshapamba," akasema. "Kwani Yesu wenu alizaliwa kabla ya miezi tisa?" Wote walicheka, na kwa wiki nzima wakawa wananiita Mama Yesu. Nilijua kitu ambacho wao hawakujua, kwamba baba yangu anapelekwa mahali pakubwa kuliko baba zao.

Alikufa asubuhi moja nikiwa darasani. Mama Kioko ndiye aliyekuja kunichukua. Tulitembea njia yote amenishika mkono, naye hakuwa mtu wa kushika watoto mikono. Karibu na lango alisema, "Nafula, baba yako ameenda."

"Zamu?"

"Ee," akasema. "Zamu."

Watu wa Baba walifika kutoka Bungoma. Aliyeongoza alikuwa dada yake mkubwa, ambaye kwao huitwa Senge. Alisimama mlangoni na mkoba wake kichwani, asiingie. Majani ya tawi yalikuwa yameanza kuwa ya kahawia, lakini kila kitu kilikuwa bado kinaning'inia: pamba, kadi, baluni zilizonywea, yule ndege. Mama hakuwa amepata nguvu ya kuvitoa.

"Mtu amekufa," Senge akasema, "na hapa ni sherehe."

"Ilikuwa Krismasi yake, Senge," Mama akasema.

"Krismasi ya mwezi huu? Nani alikuambia kaka yangu hafiki Desemba?"

"Daktari."

"Daktari anasema. Mke hakati mti." Senge alishusha mkoba. "Kwetu mtu akiwa mgonjwa humpangii. Ukimpangia umemwitia kifo. Umemwekea Krismasi yake mapema, naye amekula, amemaliza, ameenda. Sasa nikuambie, mke wa kaka yangu. Hivi vitu visikanyage boma ya mama yangu. Vikikuja, wewe utakaa na wapishi. Hutakaa karibu na jeneza."

Nilikuwa nimejificha nyuma ya pazia, na nilichoelewa ni kwamba vitu vya sanduku viko katika hatari. Vilikuwa Krismasi zetu zote. Nilidhani Senge atavikanyaga.

Siku iliyofuata, Senge akiwa ameenda kituoni na wanaume kushughulikia gari la kubeba maiti, Mama alitoa lile tawi nje. Mama Kioko alileta waya na koleo. Wakalikata vipande vipande, wakakunja waya ikawa duara kubwa, na wakaanza kufunga. Yale matawi ya kahawia waliyaficha chini, ya kijani yaliyotoka kwenye ua wakayapanga juu. Ndivyo nilivyojifunza, kwa kutazama, ingawa sikujua najifunza. Hata leo nafunga kama Mama Kioko, nikianzia kushoto.

Kisha Mama akaleta sanduku. Alimfunga ndege kwa waya, akafunga kengele, akafunga malaika. Kadi za wageni alizikunja zikawa maua.

"Mama Nafula," Mama Kioko akasema, "hao watasema."

"Waseme. Shada la mke halitolewi juu ya jeneza. Tuone nani ataligusa."

Hakuna aliyeligusa. Boma ya Bungoma ilijaa watu, na jeneza liliwekwa kwenye meza chini ya turubai, shada likiwa juu na ndege akitikisa mkia wake kila upepo ulipopita. Senge aliliona. Taya lake lilitembea, lakini pasta alikuwa ameshasimama, na maafisa walikuwa wamepanga mstari. Mama alitembea mbele ya watu wote, akachukua kiti, akakaa pembeni ya jeneza. Hakuna aliyemwinua.

Mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Kando ya shada walikuwa wameweka kofia ya Baba.

Watoto walipoitwa wapite kuaga, nilipofika pale kofia ilikuwa usawa wa macho yangu. Niliinyanyua nikatazama ndani. Kulikuwa na mstari wa jasho lake, na namba yake iliyoandikwa kwa kalamu. Hakukuwa na kitu kingine. Watu walinung'unika. Mkono ulinishika, nao ulikuwa wa Senge.

"Unatafuta nini, mama?" akaniuliza. Kwao mtoto wa kike huitwa mama.

"Nyota."

Hakuelewa. Alinitoa kofia mkononi, akairudisha mahali pake taratibu, na hapo ndipo alipoanza kulia, kwa sauti, akiwa bado amenishika. Mimi sikulia. Niliona hakuna la kushangaza. Kitu huja zamu ikiisha, na hii ndiyo kwanza inaanza. Hata shada lilipowekwa juu ya udongo na tukaliacha pale, niliona ni sawa. Anaenda mbali, amebeba Krismasi zake zote.

Nyumba ya laini ni ya kazi, na kazi ilikuwa imeisha. Kabla ya Desemba tulihamia Mukurweini kwa Cucu, mama yake Mama. Siku ya kupakia vitu nilishikwa na hofu ambayo sijawahi kuisahau. Nilimwendea Mama Kioko. Mumewe alikuwa juu ya pikapu anafunga godoro letu kwa kamba.

"Baba akitoka zamu atatukosa," nikamwambia. "Umwambie tuko Mukurweini kwa Cucu. Na asisahau nyota."

Mama Kioko alijifunika uso kwa leso yake. Ni Baba Kioko aliyejibu, akiwa bado ameshika kamba. "Nitamwambia," akasema.

Krismasi ya kweli ilipofika hatukukata tawi. Cucu alikuwa kanisani. Mama alikuwa jikoni anamenya viazi, amevaa kitambaa cheusi, na maganda aliyakata manene, yeye ambaye hakuwahi kupoteza kiazi. Mimi nilikuwa nimekaa ukingoni mwa barabara chini ya migomba tangu mchana. Boda boda zilipita zimebeba kuku, zimebeba kreti za soda, zimebeba watu wenye nguo mpya. Jua lilipoanza kuteremka nyuma ya mashamba ya kahawa, moja ilikunja kona kwenye vumbi, na abiria wake alikuwa amevaa nguo za polisi.

Nilikimbia. Alishuka akiwa amenipa mgongo. Mgongo ulikuwa mpana kama wa Baba kabla hajaugua, na mikono ilikuwa mbele, inavua kitu kichwani. Alipogeuka alikuwa ameishika kofia kwa mikono miwili, kama sahani.

Nilitazama ndani ya kofia kwanza. Nyota ilikuwepo. Ilikuwa ya bati, ya zamani, rangi ya buluu imebanduka, ncha moja imepinda. Nilijua gunia ilikotoka, lile la Mzee Idi. Sidhani kama nimewahi kufurahi namna ile tena.

Ndipo nikainua macho kwenye uso.

Baba Kioko alikuwa anatoka jasho. Alijaribu kutabasamu. "Afande," akasema, na sauti ilikuwa nyembamba, si yake wala si ya mtu mwingine. "Ripoti."

Nilisimama wima kama nilivyofundishwa. Sikuwa na ripoti. Niliitazama tena ile kofia yenye nyota, nikaikumbuka ile nyingine, ilivyokuwa tupu, na jinsi Senge alivyoirudisha mahali pake. Mwendesha boda alizima injini. Baba Kioko aliendelea kusimama ameinama kidogo, kama mtu aliyeshika kitu kizito, akingoja nimpunguzie.

"Asante," nikasema. Nikaichukua nyota. Nikarudi nyumbani nikitembea.

Mama alisikia hatua akaja mlangoni na kisu mkononi. Kutoka jikoni barabara haionekani. "Ni nani amekuja?"

"Si Baba," nikamwambia.

Tangu mazishi hakuna mtu aliyekuwa ametamka jambo hilo mbele yangu, si Mama, si Cucu, si pasta. Mama aliitazama ile nyota mkononi mwangu, halafu akanitazama mimi. Akaweka kisu juu ya kizingiti.

"Ndiyo," akasema. "Si Baba." Akajifuta mikono kwa nguo yake. "Mwambie aingie. Chai iko."